Hapa Hakuna Mgonjwa

Kila kipupwe kilipoingia, Mwalimu alikuwa akibandika tangazo kwenye mlango wa stoo yake, nyuma ya nyumba, pale Bigwa ambapo mji unakwisha na mlima unaanza. Tangazo la kwanza nililoliona lilikuwa na maneno mawili tu: TAFADHALI USIFUNGUE. La mwaka uliofuata liliongeza kwamba aliyemo amepumzika. Baadaye likaja lile lililojulikana mtaa mzima: HAPA HAKUNA MGONJWA. ALIYEMO HAUMWI, HANA NJAA, HASIKII BARIDI. ASIFUNIKWE. ASIOMBEWE. ASIPEWE UJI. Kufikia miaka ya mwisho tangazo lilikuwa refu kiasi kwamba jirani yake, Mama Vero, ambaye macho yake na herufi ndogo havielewani, alifungua mlango ili amuulize Mwalimu, aliyekuwa ndani, limeandikwa nini.

Aliyekuwa akilindwa hivyo ni kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba mifupi mgongoni, anayejikunja akawa mpira ukimgusa. Watu wengi humchanganya na nungunungu, na kumchanganya mbele ya Mwalimu kulikuwa ni kujitafutia mhadhara. Ardhi ikikauka, usiku ukapoa na wadudu wakaadimika, kalunguyeye huingia kwenye majani makavu, hujikunja, na mwili wake hupoa mpaka ukimshika unadhani umeshika jiwe la kivulini. Moyo unapiga kwa kusitasita. Pumzi inakuja, halafu inakaa muda mrefu bila kuja tena, na wewe uliyeinama juu yake unajikuta nawe umezuia ya kwako. Mtu yeyote mwenye huruma ataona kiumbe kinachokata roho. Na Bigwa, kwa bahati mbaya ya sayansi, imejaa watu wenye huruma.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu ndivyo alivyotaka. Chuoni, alikofundisha namna miili ya wanyama inavyofanya kazi mpaka alipostaafu, walimwita Dokta, na haki alikuwa nayo, lakini mtaani jina hilo lilimletea majipu. Watu walikuja asubuhi na vikohozi vyao, wakamvulia shati sebuleni. Alipowaeleza kwamba udaktari wake ni wa maini ya panya, walimuuliza kama ini la mtu lina tofauti kubwa sana. Akaona afadhali ualimu.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake kwa muda mfupi, kabla sijahamia fasihi kwa makubaliano ya pande zote mbili. Miaka mingi baadaye nikapanga nyumba ya pili kutoka kwake, nikiwa na nia ya kuandika kitabu katika utulivu wa mlima. Kitabu hakijatoka. Utulivu nao sikuupata, kwa sababu Mwalimu aligundua mapema kwamba niko nyumbani mchana kutwa. Sasa ameshafariki na hawezi kunisahihisha, na nina hakika hilo ndilo lingemuuma kuliko kufa kwenyewe.

Kuhusu kwao sina la kusema. Ukimuuliza ukoo wake, alikujibu kwa mitokondria. Hivyo ni vitu vidogo mno vilivyomo ndani ya kila seli ya mwili, vinavyochoma chakula ili tuishi, na kila mmoja wetu amevirithi kwa mama yake. Vya baba havipiti. Kwa hiyo, alisema, ukitaka kujua nimetoka wapi ungemuuliza mama yangu, na mama yangu hayupo. Siku moja alilisema hilo mbele ya Mama Vero, ambaye ni Mluguru wa Mgeta, ambako ukoo na mashamba hufuata upande wa mama. Mama Vero alikuwa akichambua maharage. Aliuliza kama kweli hilo ndilo lililompeleka Ulaya kusoma miaka yote ile. Mwalimu akajibu kwamba, pamoja na mengine, ndiyo.

"Ungepanda mlima tu, Mwalimu," alisema Mama Vero bila kuinua macho. "Tungekwambia, na jioni ungekuwa umesharudi."

Sina budi kueleza alichokuwa akikifuata kwenye stoo ile, na siwezi kukieleza vizuri kuliko alivyokieleza yeye kwenye mashine ya kusaga. Ilikuwa desturi yake. Mtu akimuuliza swali la kawaida kabisa, kwa mfano kwa nini kalunguyeye hafi na baridi, Mwalimu alimshika mkono akampeleka mashineni, hata kama mtu huyo alikuwa njiani kwenda kazini. Pale kuna injini ya dizeli upande mmoja, kinu upande wa pili, na mkanda mpana wa mpira unaoviunganisha. Injini inakula mafuta, mkanda unabeba nguvu, kinu kinatoa unga. Mitokondria, alisema, iko hivyo hivyo. Upande mmoja inachoma chakula. Upande mwingine inatengeneza ile akiba ndogo ndogo ya nishati ambayo seli huitumia kwa kila kazi. Kuchoma na kutengeneza vimefungamanishwa na kitu cha katikati, na maisha yake yote Mwalimu alikuwa akishughulika na hicho cha katikati.

Hapo alimwomba msagishaji azime injini, avue mkanda, kisha aiwashe tena. Msagishaji alishamzoea. Injini ilinguruma, ikatoa moshi, ikawa ya moto huwezi kuisogelea, na kinu kimekaa kimya kama hakihusiki. "Umeona," alisema Mwalimu kwa sauti ya juu kushinda injini. "Mafuta yanakwisha, joto lipo, unga hakuna." Wanawake waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao za mahindi walikuwa wameona vizuri sana kwamba unga hakuna, na walimweleza hivyo.

Basi kalunguyeye, aliendelea tukiwa tumeshafukuzwa, anaweza kufanya mambo mawili ambayo mashine ile haiwezi. Akilala, havui mkanda. Anaibana injini yenyewe. Anazuia chakula kisiingie kwa wingi kwenye mitokondria za ini lake, kila kitu kinazunguka polepole mno, na hicho kidogo kinachochomwa kinaleta unga wake. Na anayebana ni yeye. Watu wanadhani baridi imemshinda. Ukweli ni kwamba anaanza kujishusha mwenyewe kabla mwili haujapoa. Mwalimu aliyasema haya kwa heshima, kama mtu anayemzungumzia mkuu wa idara aliyekataa gari la serikali.

Siku ya kuamka, mambo yanageuka. Kati ya mabega kalunguyeye ana mafuta ya pekee, ya rangi ya kahawia, na mitokondria za humo zina kifaa cha kuuvua mkanda kwa makusudi. Injini inapewa kila kitu, unga haudaiwi, na moto wote unabaki kuwa moto. Mnyama anajipasha kutoka ndani bila jua, bila jiko, bila blanketi. Lakini ni jambo la gharama. Kuamka mara moja kunakula mafuta ambayo yangemlaza siku nyingi, na mvua bado ziko mbali. "Ukimwamsha kwa huruma mara tatu nne," aliniambia, "umeshamla bila kumchinja."

Kutoka hapo alipata kipimo cha kupimia watu. Kulikuwa na wenye mkanda na wasio na mkanda. Mwenyekiti wa kikao cha mtaa aliyezungumza mchana kutwa kuhusu mtaro usiozibuliwa hakuwa na mkanda. Fundi bomba aliyekuja, akaziba, akaondoka bila kusema lolote alikuwa na mkanda wa hali ya juu. Nilipompelekea makala yangu moja gazetini, ambayo nilikuwa nikijivunia, aliisoma amesimama, akaikunja vizuri, akanirudishia. Alisema ina joto. Nikashukuru. Ilinichukua mpaka jioni kukumbuka mashine ya kusaga.

Lakini simjui mtu aliyechoma mafuta bure kuliko yeye. Alihubiri kubana matumizi ya nishati huku akibishana na redio. Alipanda mlima mpaka kwa wauza karoti ili kuwaambia kwamba karoti haiwasaidii macho kwa kiasi wanachodai, akashuka amebeba fungu la karoti alilouziwa na hao hao. Alisoma habari za baridi maisha yake yote na hakuweza kuivumilia: mwezi wa saba alitembea Bigwa na koti zito, kofia ya sufu iliyofunika masikio, na soksi ndani ya kandambili. Alikataza kalunguyeye asipewe jina, kwa hoja kwamba mtu hakipi jina kitu anachokipima, halafu asubuhi ungemsikia stooni akiuliza kwa sauti ya chini, "Haya, Bwana Mkubwa, umeamkaje?" Alichukia kutembelewa. Siku zikipita bila mtu kubisha hodi, alitoka mpaka getini, akasimama hapo amefunga mikono nyuma, na mpita njia wa kwanza akaulizwa kwa ukali kama mtaani kuna nini mbona hakuna watu.

Na alikuwa na donge. Miaka yote ile chuoni alifundisha usingizi huu kwa kutumia kuchakulo, aina ya kindi, wa nchi za theluji, kwa sababu ndio waliomo vitabuni. Mbele yake wamekaa vijana wa Mlali na Ifakara na Tabora ambao hawajawahi kuona barafu nje ya jokofu, wanaandika madaftarini namna kuchakulo anavyojizika chini ya theluji. Katika mtihani mmoja aliwataka wachore. Walichora theluji kama unga wa muhogo ulioanikwa, na mmoja wao, kijana makini, alichora na mwanamke aliyekuwa akiulinda kuku wasiudonoe. Mwalimu alimpa maksi zote. Alisema angalau huyo alikuwa ameona kitu.

Ndiyo maana alipostaafu akataka jambo moja: kuona kwa macho yake, mara moja, mnyama wa hapa hapa akitoka katika baridi ile na kujipasha mwenyewe, kuanzia pumzi ya kwanza mpaka anasimama, bila kusaidiwa na mtu. Alikuwa ameyasoma, ameyafundisha, ameyasahihisha katika mitihani isiyohesabika. Hakuwahi kuyaona. Kila mwisho wa mvua alikwenda mashambani upande wa Kingolwira, akarudi na kalunguyeye mnene kwenye kreti la soda lililojazwa majani. Kila mvua mpya ilipoanza, alimrudisha pale pale alipomtoa, na kila mwaka alirudi nyumbani hajaona.

Mara ya kwanza ilikuwa Mama Vero na jiko la mkaa. Alikuja kumletea Mwalimu mchicha, akamkuta hayupo, akachungulia stooni, akaona kiumbe kimepoa. Angefanyaje? Aliwasha jiko, akaliweka karibu, akamfunika mgonjwa kwa kanga, akakorogea uji kabisa. Mwalimu aliporudi alimkuta kalunguyeye yuko macho, ana uji puani, na Mama Vero amekaa pembeni akiwa na ule utulivu wa mtu aliyeokoa maisha. Ukitaka kujua tabia ya Mwalimu, ijue hapa: alimshukuru. Akamweleza kwa upole, akampeleka mashine ya kusaga, akarudi naye, na Mama Vero akasema ameelewa. Mwaka uliofuata hakuleta jiko. Alileta chupa ya maji ya moto.

Kuna mwaka mlinzi mstaafu wa mtaa wa juu alimzika. Alimzika vizuri, kwa heshima, chini ya mpapai, na akamwachia Mwalimu pole mlangoni. Mwalimu alifukua kwa mikono, akamkuta kalunguyeye amelala salama usalimini, na nadhani kwa mara ya kwanza yuko katika mazingira anayoyapenda. Lakini kufukuliwa kulimwamsha. Kuna mwaka mwingine hakuna aliyekosea chochote: Mwalimu alikuwa amekaa naye tangu asubuhi, ikaja taarifa ya msiba ambao hakuweza kuukwepa, akaenda, na aliporudi alimkuta mnyama anatembea anatafuna mchwa kama hakuna lililotokea.

Na alikuwepo Mjomba. Huyu ni kaka yake Mama Vero, mkulima wa maharage huko juu Mgeta, mzee mpole mwenye kofia ya kanisani. Watoto wa dada yake walimwita Mjomba na mtaa ukafuata. Huko kwao kuna wanaoamini kwamba ngozi ya kalunguyeye ikiwekwa juu ya mbegu kabla ya kupandwa, mazao yanazidi. Mjomba aliposikia kwamba Bigwa kuna kalunguyeye ambaye hali yake si nzuri, alishuka kumwona. Hakuomba kitu. Alisema tu kwamba, Mungu asipopisha mbali, basi akumbukwe. Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa alipita kumjulia hali mgonjwa, akainama juu ya kreti, akasikiliza pumzi, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu anayesubiri urithi. Mwalimu alimwambia waziwazi kwamba mnyama huyu hatakufa. Mjomba akasema hana haraka.

Niliwahi kumuuliza Mwalimu kwa nini asifunge stoo kwa kufuli. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini asihame nchi. Alisema kufuli mchana, watu wapo, wataona amewanyima. Nikasema basi awafukuze. Akasema huwezi kumfukuza mtu aliyekuja na uji. Hapo ndipo nilipojua kwamba hatafanikiwa.

Kipupwe cha mwisho ninachotaka kukieleza kilianza vibaya. Asubuhi moja Mwalimu aliteleza bafuni, akaanguka, na hakuweza kuinuka. Nyumba haikuwa na mtu mwingine; mkewe alifariki kabla sijahamia. Angelala pale sakafuni mpaka nani aje, sijui, ila Mama Vero alikuwa ameingia uani kumchungulia kalunguyeye, kinyume cha tangazo, akasikia mtu anagonga ndoo. Akafungua mlango wa nyuma, akaingia mpaka bafuni, akamwinua. Hospitali walisema mfupa haukuvunjika lakini mzee huyu asipige magoti wala asikae peke yake. Mwalimu alilalamika wiki nzima, si juu ya mguu, bali juu ya mtu mzima kuingia bafuni kwa watu bila hodi.

Binti yake alikuja kutoka Dar es Salaam. Ni mhasibu, mtoto wa pekee, na kidevu ni cha baba yake kabisa. Hakubishana. Alisema amemwandalia chumba Kimara, chenye bafu lake na kishikio ukutani, na kwamba Jumamosi wanaondoka. Sote tulijua maana yake. Kimara hakuna kipupwe cha kumlaza kalunguyeye yeyote. Hata feni huko hulala kwa zamu. Kama Mwalimu asingeona mwaka huu, alikuwa hataona.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kusaidia kupakia. Godoro lilifungwa juu ya gari, masanduku yakaingia nyuma. Mama Vero alikuwepo, na Mjomba naye alikuwa ameshuka kuaga, au kuangalia kama kuna kitu kitabaki. Mwalimu alikuwa stooni. Alikaa kwenye kigoda na suruali yake ya safari, mbele ya kreti, akasema yuko tayari kuondoka mara tu huyu atakapoamka, na kwa kadiri ya mahesabu yake ni leo.

Binti yake aliinama akamtazama mnyama. Alimgusa kwa ncha ya kidole, akakitoa haraka. Kisha akasema, kwa akili ya kawaida kabisa ya mtu mwenye safari ndefu mbele yake, kwamba kama tatizo ni kuamka, jiko la mkaa si lile pale.

Mimi nilitazama chini. Nadhani Mwalimu alikuwa amechoka kulieleza hilo.

"Hapana, mwanangu," alisema Mama Vero. "Huyu hapashwi."

Sote tuligeuka, na Mwalimu zaidi ya wote. Mama Vero alivuta ndoo, akaipindua, akaikalia, akaweka mikono yake kwapani kana kwamba anaizuia. Mjomba alivua kofia, akakaa kizingitini. Mimi nilisimama kwa sababu hakuna kilichobaki cha kukalia. Binti alitazama saa yake, akatutazama sisi mmoja mmoja, akaona hapa hakuna wa kumuunga mkono, akakaa juu ya gunia la maranda.

Tulikaa. Jua lilipanda likaingia mlangoni mpaka karibu na miguu ya Mjomba, naye akasogea ili kivuli kibaki kreti lilipo. Mara mbili mtu alipiga hodi getini, na mara zote mbili Mama Vero alitoka mwenyewe na kumrudisha, nikamsikia akisema kwa sauti nzito kwamba hapa hakuna mgonjwa.

Kisha pumzi ikaja, na ya pili ikaifuata mapema kuliko tulivyozoea, na ya tatu. Mwalimu aliinua mkono, ingawa hakuna aliyekuwa akizungumza. Mnyama alikuwa bado amejikunja, hajafungua jicho, lakini pumzi zilikuwa sasa zinakimbizana. Miiba ya mabegani ilianza kutetemeka kidogo sana, kama maji kwenye sufuria kabla hayajaanza kuchemka. Mwalimu alisubiri sana. Halafu akamshika binti yake mkono, kama alivyokuwa akitushika sisi sote, akakipeleka kidole chake ubavuni chini ya bega, penye manyoya, akakiacha hapo. Akakihamisha taratibu mpaka nyuma, karibu na mguu.

"Baba," alisema yule binti kwa sauti ambayo nadhani aliitumia mara ya mwisho akiwa darasa la tatu. "Mbele ni wa moto. Nyuma bado ni jiwe."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nikingoja mhadhara. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa mkanda, kwa mafuta ya kahawia, kwa kuchakulo. Badala yake alikuwa amepiga magoti, yeye aliyekatazwa kupiga magoti, na machozi yalikuwa yakimshuka akiyaacha yashuke, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kreti. Mjomba, ambaye urithi wake ulikuwa ukifumbua macho mbele yake, alinong'ona, "Jamani, kumbe."

Kalunguyeye alijikunjua. Alisimama kwa miguu ya mbele wakati ya nyuma bado imelala, akaanguka na pua, akapumzika, akajaribu tena. Mara ya pili miguu yote ilikubali. Alitoka kwenye majani, akapanda juu ya kiatu cha safari cha Mwalimu, akakojoa, akaenda zake ukutani.

Tulicheka wote, zaidi kwa kutua mzigo. Mama Vero alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Binti yake Mwalimu alisimama, akajipukuta maranda, akamwinua baba yake kwa kumshika chini ya mikono.

"Umeona, baba?"

"Nimeona."

"Basi. Twende."

Mwalimu hakusogea. Alikuwa akimfuata yule mnyama kwa macho, na uso wake, ambao muda mfupi uliopita ulikuwa umelegea kabisa, ulianza kujikaza tena mahali pake.

"Huyu ni mmoja tu, mama," alisema.

"Kwa hiyo?"

"Mmoja si matokeo. Huenda huyu ana mambo yake. Siwezi kumwambia mtu nimeona kitu kwa mnyama mmoja, atanicheka, na atakuwa sahihi."

Binti alimtazama. Kisha akatutazama sisi, na sisi tukatazama sehemu mbalimbali za stoo.

"Wangapi, baba?"

Mwalimu alifikiri kwa uaminifu wote wa mtu aliyeulizwa swali la kitaalamu, na niliona kabisa kwamba hata kwa faida yake mwenyewe asingeweza kudanganya idadi. "Watatu," alisema hatimaye. "Watatu ningeweza kuwatetea."

Kipupwe ni kimoja kwa mwaka, mnyama ni mmoja kwa kipupwe, na yule ni mhasibu. Aliipiga hesabu hiyo kichwani zaidi ya mara moja. Halafu akamgeukia Mama Vero, akamuuliza kama anaweza kuwa anaingia asubuhi na jioni, kila siku, mpaka ndani. Mama Vero akasema hilo halihitaji kuombwa.

"Akipiga hodi," alisema Mwalimu.

"Bila hodi, baba."

Mwalimu alimtazama binti yake, akamtazama Mama Vero, akautazama ule ukuta ambako mgonjwa wetu alikuwa ameshapata mchwa. Akarudi kukaa kwenye kigoda chake.

Binti alitoka kwenda kwenye gari. Tulidhani anakwenda kuwasha. Alipanda juu ya tairi la nyuma na viatu vyake vya mjini, akaanza kufungua kamba ya godoro, na kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu na sina kazi, aliniambia, "Kaka, shika huko."

Nikashika.